Jino Lisilo na Mahali

Baba mdogo alisubiri nimalize kula ndipo akatoa kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kujipaka, limefungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, na ndani yake, juu ya pamba, kulikuwa na jino.

"Na hili limo humo kwenye kompyuta yako?" aliniuliza.

Ilikuwa siku yangu ya nne nyumbani Saza. Mchana nilimsaidia mama, usiku niliunga kompyuta kwenye simu na kuendelea na kazi niliyokuja nayo kutoka chuoni: kupitia Paleobiology Database, hifadhidata ya mtandaoni ya visukuku, na kuorodhesha kila rekodi ya mamalia wa kale kutoka bonde la Rukwa. Baba mdogo alikuwa akipita nyuma yangu, anasimama, anatazama ramani yenye vidoti vya rangi, anaondoka bila kusema neno. Nilidhani anashangaa ninavyomaliza bando. Kumbe alikuwa akinipima kama ni mtu wa kuonyeshwa kopo.

Hifadhidata hiyo haina mifupa. Ina habari za mifupa. Mtu amekwenda mahali, ameokota, amepeleka kwenye makumbusho au chuo, ameandika makala na makala imechapishwa. Kisha mtu mwingine amekaa na makala hiyo akajaza: jina la mahali, latitudo na longitudo, aina ya mwamba, umri wake, orodha ya wanyama. Jina la aliyejaza nalo linabaki pale. Ukigusa kidoti kwenye ramani, yote hayo yanafunguka. Vidoti vya kijani ni vya zama za mwisho za dinosaria. Vya rangi ya chungwa na njano ni vya zama zilizofuata.

Usiku wa kwanza niliandika jina la kwetu. Saza. Hakuna kitu. Nikaandika Mkwajuni. Hakuna. Nikaandika Galula, majibu yakaja.

Galula mimi niliijua kwa mpunga. Ni kata iliyo katika wilaya yetu hii ya Songwe, kule chini bondeni. Humo kwenye hifadhidata ni jina la mwamba, tena ni jina la mnyama: Galulatherium jenkinsi, mamalia aliyeishi pamoja na dinosaria, ambaye meno yake yalikuwa yakiendelea kukua maisha yake yote. Kinachojulikana juu yake ni kipande cha taya. Taya hilo lilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003, likapewa jina mwaka 2019. Miaka 16 lilikaa likijulikana lakini halina jina, na bado lilikuwa na rekodi, kwa sababu mahali lilipotoka palijulikana.

Niliendelea kufungua kurasa mpaka jogoo wa kwanza. Nikakuta mnyama jamii ya panya anayeitwa Kahawamys mbeyaensis, jina lenye kahawa na Mbeya ndani yake. Nikakuta sengi wa kale, Oligorhynchocyon songwensis. Nikakuta Pakasuchus kapilimai, ambaye si mamalia bali ni jamii ya mamba, ila meno yake yalifanana na ya mamalia hata akaitwa paka. Nusu ya pili ya jina lake inamkumbuka marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilikuwa naona jina la mkoa wangu limekaa kwa Kilatini katikati ya majina ya dunia nzima. Nilitaka kumwamsha mtu nimwonyeshe.

Kutokuwamo kwa Saza hakukuniumiza, kwa kuwa sababu yake naijua. Miamba inayotoa dhahabu kwetu ina karibu miaka bilioni mbili. Mamalia wa kwanza walitokea miaka kama milioni 200 hivi iliyopita. Kutafuta mfupa wa mamalia ndani ya mwamba wa dhahabu wa Saza ni sawa na kutafuta picha ya harusi ya mjukuu ndani ya sanduku lililofungwa kabla bibi hajazaliwa. Bonde liko chini kwa sababu ardhi ilipasuka na kushuka, ikapokea mchanga na majivu ya volkano kwa mamilioni ya miaka, na humo mifupa ikazikwa. Sisi tulibaki juu, kwenye mawe makongwe. Sifuri yetu ni sifuri ya haki.

Lakini dhahabu ya Lupa haimo kwenye miamba peke yake. Imo pia kwenye kokoto za mito, na kokoto hizo ni changa. Watu wamekuwa wakizichota, kuziosha na kuzimwaga tangu miaka ya 1920. Mgodi mkubwa wa Saza wa wakati wa mkoloni ulifungwa mwaka 1956, lakini wachimbaji wadogo hawakuwahi kufunga. Katika makarai yote hayo, kwa karibu miaka mia, imepita mifupa mingapi? Ramani haiwezi kujibu. Pale napo inaonyesha sifuri, na kwa macho haitofautiani na ile ya kwanza. Moja inasema hakuna. Nyingine inasema hakuna aliyeuliza.

Nililigeuza jino chini ya tochi ya simu. Taji refu, na juu yake, pa kutafunia, mikunjo kama mwezi mwandamo. Mnyama anayecheua, tena mkubwa.

"Si la tembo wa zamani?"

"Hapana, baba. Ni jamii ya ng'ombe. Ng'ombe au nyati."

"Lakini ni zito. Na rangi yake umeiona."

Niliiona. Lilikuwa la kahawia iliyoiva mno, karibu na weusi. Nikamweleza kwamba rangi haitoshi. Jino la ng'ombe aliyekufa juzi likikaa kwenye tope lenye chuma nalo hugeuka. Linaweza kuwa la miaka hamsini, linaweza kuwa la miaka laki moja.

Akanyamaza. Kisha akaniambia kwamba dalali mmoja alikuwa amemwahidi laki mbili, naye akakataa kwa miaka minne. Alisema moyoni, nina mtoto anayesoma mawe, atakuja kuniambia thamani yake. Mwaka huu binti yake, mdogo wangu, alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi, na ada ilikuwa haijatimia.

Ilinibidi nimwambie na la pili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda mabaki ya wanyama wa kale. Likiwa changa halina bei; likiwa la kale huruhusiwi kuliuza. Nilisema maneno hayo nikiangalia kopo, si uso wake.

"Ulilitoa wapi?" nikauliza.

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Huko huko."

Mchimbaji hataji mahali. Nimekua nikilijua hilo. Duara linalotoa halitajwi kijiweni, halitajwi msibani, na wapo wasiolitaja hata kwa wake zao. Baadaye nilielewa kwamba hili lilikuwa na siri ya ziada: siku zile yeye na wenzake walikuwa wakiingia usiku kwenye leseni ya mtu.

Nikamfungulia ukurasa mwingine. Mwaka 2013 jarida la Nature lilitangaza nyani wawili wa kale kutoka huku kwetu kusini magharibi, kwenye mwamba unaoitwa Nsungwe. Mmoja, Rukwapithecus fleaglei, ni wa ukoo wa sokwe. Mwingine, Nsungwepithecus gunnelli, ni wa ukoo wa ngedere na tumbili. Umri wao ni miaka milioni 25.2, uliopimwa kutokana na majivu ya volkano yaliyolala kwenye mwamba huohuo. Hakukuwa na wa kongwe kuliko hao katika koo zao wakati huo. Nikampa simu ashike mwenyewe.

"Huyu wa pili amejulikana kwa nini?"

"Kipande cha taya chenye jino moja."

"Moja?"

"Moja."

"Na likapata jina."

"Kwa sababu walijua tabaka walilolitoa. Lako ni kubwa kuliko lile, baba. Lakini lile lina mahali."

Alifikiri kwa muda mrefu. Nje karasha la jirani lilikuwa bado linasaga.

"Sasa hao," akasema, "wakishataja, si kila mtu anakwenda kuchimba?"

Nikamwambia kwamba kwa sababu hiyohiyo watafiti wengi hawachapishi mahali kwa usahihi wote. Makala hutaja bonde na mwamba. Namba kamili hubaki kwenye kumbukumbu za makumbusho, na hupewa mwenye sababu ya kuziomba.

Akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule. "Kumbe nao ni wachimbaji."

Keshokutwa yake alinigongea dirisha saa kumi na moja alfajiri. Tulikwenda kwa pikipiki, kisha kwa miguu. Sitautaja mto. Shimo lao lilikuwa limejifukia, majani yameota, lakini ukingo wa mto ulikuwa wazi kama keki iliyokatwa: udongo mwekundu juu, kokoto katikati, chini yake mfinyanzi mweupe. Alisimama, akapima kwa mkono hadi usawa wa kifua, akaweka kidole penye kokoto, karibu kabisa na mfinyanzi.

"Hapa. Nililigonga kwa sururu, nikadhani jiwe."

Sikuchimba, kwa kuwa sikuwa na kibali. Nilipiga picha, nikapima unene wa kila tabaka kwa futi ya fundi niliyoazima kwa mjomba, nikasoma GPS kwenye simu. Tulitazama ukingo mzima kwa nusu saa. Hatukuona mfupa mwingine. Njiani kurudi hakuongea, nami sikumwuliza kama anajuta.

Ada ilipatikana kwa mbuzi wawili na mchango wa shangazi. Jino halikuchangia hata shilingi. Mimi nimemwandikia msimamizi wangu, na tumekubaliana kupeleka taarifa kwa watu wa Mambo ya Kale. Huenda wakasema ni la ng'ombe wa jana. Nilimwambia baba mdogo hilo pia, mapema, asije akasubiri miaka mingine minne.

Usiku wa mwisho niliandika karatasi ya kukaa ndani ya kopo: tarehe, tabaka, kina, latitudo na longitudo, jina la mto, na jina la aliyeokota. Akaisoma mara mbili, akisogeza kidole chini ya kila mstari. Jina lake akaliacha. Kisha akanirudishia kalamu akaniambia nifute jina la mto.

"Acha namba peke yake," akasema. "Namba hazisomwi na kila mtu."

Nikafuta. Akaikunja karatasi, akailaza juu ya pamba, akafunga kopo kwa mpira wake.