Mbio za Bure

Katika mtaa wetu, Mwananyamala, mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia mtoto, katumwa chumvi. Akikimbia kijana, anawahi daladala. Lakini mama wa makamo akionekana anatimua vumbi saa kumi na moja alfajiri, madirisha yanafunguliwa: kuna msiba, kuna moto, au kuna mwizi. Mzee mmoja muuza kahawa, siku ya kwanza aliponiona nimevaa raba, alisimama na dele lake mkononi akaniuliza kwa upole kabisa, "Pole mama, ni nani?" Alidhani nimefiwa.

Ndugu msomaji, mimi ni fundi cherehani. Nilizaliwa mwaka 1974, mwaka ule ule ambao Filbert Bayi, kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32 na kuvunja rekodi ya dunia. Marehemu baba alikuwa akipenda kunikumbusha jambo hilo kana kwamba mimi na Bayi tuliandikwa katika daftari moja. Mimi mita hizo 1,500, nikiwa nimelala vizuri na hakuna jua, nazimaliza kwa dakika 13 na ushee. Kwa hiyo mjue tangu mwanzo ni mkimbiaji wa aina gani anayeongea nanyi.

Tulipokuwa shule ya msingi tulikimbia wote. Mchakamchaka wa asubuhi haukuchagua mvulana wala msichana. Umande miguuni, kiranja mbele anaanzisha wimbo, sisi nyuma tunaitikia, kisha mstarini tukaguliwe kucha. Baadaye tukakua. Hakuna aliyetoa tangazo kwamba sasa wasichana basi, lakini kadiri kifua kilivyojaa ndivyo mbio zilivyopungua, na nilipomaliza darasa la saba mwaka 1987 nilikuwa tayari natembea kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani hata pale ambapo sikubeba kitu. Kumbuka kwamba Olimpiki yenyewe haikuwa na marathoni ya wanawake mpaka 1984, Los Angeles. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka kumi na nikikimbia kila asubuhi.

Kila mtu aliyeniuliza kwa nini nimeanza alitaka nimtajie ugonjwa. Sukari? Presha? Daktari kakwambia? Ningejibu presha, mtaa mzima ungenipisha njia na kuniombea dua. Nilipojibu kwamba sina ugonjwa wowote, nilionekana mgonjwa zaidi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa kwenye cherehani miaka 26. Mguu wangu ulikuwa unakanyaga kutwa nzima na hauendi mahali. Binti yangu aliporudi nyumbani na habari za mbio za Kilimanjaro, zile zinazofanyika Moshi tangu mwaka 2003, akasema kuna kilometa 42, kuna 21, na kuna 5 za kujifurahisha, mimi nikasema niandikishe hiyo ya katikati. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaona sicheki.

Hiyo ilikuwa Septemba 2023. Mwezi huo huo Magdalena Shauri, Mtanzania, alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mimi wiki hiyo nilikuwa nakimbia nguzo moja ya umeme na kutembea nguzo mbili. Huo ndio mtindo niliofuata, na kwa wenzangu wa umri wangu nausifia: usihesabu dakika, hesabu nguzo. Wiki ya tatu nikawa nakimbia nguzo mbili, natembea moja. Kufikia Novemba nilikuwa natoka nyumbani, napita Morocco, nateremka Oysterbay mpaka Coco Beach, naiona bahari inapambazuka, halafu narudi. Kilometa kama kumi kwenda na kurudi. Siku tatu za wiki nakimbia, nyingine nashona. Jumapili ndiyo siku ya safari ndefu, na kila Jumapili naongeza kidogo tu, kama mtu anayeongeza maji kwenye unga.

Mazoezi ya Dar, jamani, si ya kukimbia, ni ya kutoka jasho. Desemba na Januari hewa ni nzito kama shuka mbichi. Ukichanganya na joto la umri wangu, lile linalopanda lenyewe shingoni hata ukiwa umekaa kwenye feni, unaweza kukamua fulana ikajaza kopo. Mapaja yakachubuka, nikagundua mafuta ya mgando. Kucha ya kidole gumba ikawa nyeusi, ikang'oka. Hayo yote niliyavumilia. Kilichonishinda kilikuwa sidiria. Zile za mtumba za michezo zilikuwa zimetengenezwa kwa vifua vya wasichana, na sisi tulionyonyesha watoto watatu hatujafikiriwa. Basi nikafanya kazi ninayoijua. Nikanunua lastiki pana Kariakoo, nikakata kitambaa kizito cha pamba, nikaweka mgongo mpana wenye msalaba, nikapiga ovaloki pande zote. Nilishona tatu kabla sijapata moja inayotulia. Siku niliyokimbia nayo mara ya kwanza nilifika Coco sijashika kifua hata mara moja, nikajiona msichana wa darasa la nne.

Mavazi ndiyo yaliyoleta maneno. Nilikuwa navaa taiti na fulana ndefu, na juu yake najifunga kanga mpaka nifike barabara kubwa, hapo naikunja na kuifunga kiunoni. Vijana wa bodaboda, kijiwe chao kiko pale kona, hawakunionea huruma. "Bi mkubwa, nani kakukimbiza?" "Mama, panda nikufikishe, bure!" Hao niliwazoea, na baada ya wiki kadhaa wakawa wanapiga honi wakiniona. Mwanangu wa kiume, wa miaka 22, ndiye aliyenichoma. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama, si ungezungukia hata njia ya nyuma?" Nikamjibu njia ya nyuma ina mbwa na wavuta bangi. Hakusema tena, lakini kwa mwezi mzima hakuwa anasimama na wenzake pale kona asubuhi.

Baba watoto alinyamaza. Ninyi ambao hamjaolewa hamjui uzito wa mume aliyenyamaza. Mke anatoka saa kumi na moja, anarudi kalowa, uso unang'aa. Mwanamume yeyote atapiga hesabu zake. Alfajiri moja nikasikia baiskeli nyuma yangu, mnyororo unalia. Sikugeuka. Ilinifuata mpaka Coco, ikasimama mbali kidogo. Niliporudi nyumbani nilimkuta keshafika, anakunywa chai, akasema, "Huo mkono wa kushoto unaurusha vibaya." Ndiyo maneno yake yote. Tangu siku hiyo safari ya Jumapili alikuja na baiskeli, chupa mbili za maji kwenye karia.

Halafu kuna mteja. Kikundi fulani cha akina mama kilikuwa kimenipa kazi ya sare za harusi, magauni 30, kitambaa kimeshapimwa. Wakaja wawili, wamekaa vizuri, wamekunywa soda yangu, wakasema kwa heshima zote kwamba wameamua kumpelekea fundi mwingine. Nilipowabana, mmoja akaangalia sakafu: "Dada, sisi ni watu wazima. Watu wanakuona unapita." Nikawakunjia kitambaa chao, nikawarudishia. Magauni 30 ni ada ya shule ya mihula miwili. Usiku ule nilikaa kwenye cherehani bila kushona, na kwa mara ya kwanza nikapiga hesabu ya mbio hizi kwa shilingi. Ilikuwa hesabu mbaya. Asubuhi nikafunga raba.

Mama mkwe wangu, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, aliuliza swali moja tu. "Wakupa kiasi gani huko Moshi?"

"Hawanipi, mama. Nimelipa mimi."

"Walipa wewe, ili ukimbie?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia mwanawe. "Na wewe umekubali?" Baba watoto akasema anajaza upepo kwenye baiskeli, akatoka.

Moshi tulikwenda Februari 2024, mimi na binti, kwa basi la asubuhi kutoka Mbezi. Sitawachosha na safari. Jumapili alfajiri tulikuwa kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika pamoja na maelfu ya watu, na kwa mara ya kwanza tangu nianze hakuna aliyenishangaa. Palikuwa na wazee kuliko mimi. Palikuwa na Wazungu wenye vichwa vyeupe waliotoka kushuka mlima wakaamua wakimbie pia. Kama mnataka kujua raha moja ya mbio hizi, ni hiyo: kuwa mmoja katika kundi, si sinema ya mtaa.

Raha nyingine sikuiona kwa muda mrefu. Moshi mjini iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na njia ya kilometa 21 inapanda kuelekea Mweka. Inapanda, na ikishapanda inapanda tena. Hakuna kilima cha kusema nikimaliza hiki nimepona. Ni mteremko uliogeuzwa, mrefu, mpole, usio na huruma, migomba na mibuni huku na huku. Mtu wa pwani kama mimi pumzi inamwisha kabla miguu haijachoka. Nguzo zangu za umeme zikarudi: moja nakimbia, moja natembea. Kijana mmoja akinipita akanipa moyo, "Kaza mama, mkumbuke Akhwari!" Nilishukuru, lakini nilikuwa na pumzi ningembishia. John Stephen Akhwari, Mexico 1968, alimaliza wa mwisho kwa sababu alianguka na kuumia goti. Alikwenda kule ni bingwa. Na kwa goti lile lile alimaliza kilometa 42 kwa saa 3 na dakika 25. Asitumiwe kutufariji sisi tusio na mbio.

Karibu na pale tunapogeukia, nikawa sambamba na bibi mmoja. Hakuwa mshiriki. Alikuwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mkubwa kuliko yeye, anapanda kwenda kwake. Mimi nakimbia, yeye anatembea, na kwa nguzo tatu nzima tulikwenda pamoja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mnawahi nini huko juu?"

"Hatuwahi kitu, bibi. Tukifika tunageuka."

Aliniangalia kwa pembeni, shingo haikutikisika. Nilijua anachokiona: mwanamke mwenye mikono mitupu, anahema, ambaye ameacha kazi yake na kulipa nauli ili aje apande njia ambayo yeye anaipanda kila siku na mzigo. Niliona haya, nakiri, na ilikuwa haya nyingine kabisa, si ile ya Mwananyamala. Halafu akauliza, "Na una watoto?"

"Watatu. Mkubwa keshamaliza shule."

"Basi kimbia," akasema, akakata kushoto kwenye njia ya migombani.

Kushuka kulikuwa kuteleza tu. Magoti yaligonga, lakini pumzi ilirudi, na kwa kilometa kadhaa za mwisho nilipita watu. Si wengi. Nilimaliza kwa saa 3 na dakika 11, binti yangu analia upande wa pili wa kamba kana kwamba naolewa. Walinivisha medali, wakanipa maji, nikatafuta kivuli nikavua raba. Kidole gumba cha upande wa pili kilikuwa kimeshaanza kuwa cheusi.

Jumanne nilikuwa kwenye cherehani. Mguu ulikataa kukanyaga, nikatumia wa kushoto. Akina mama wa magauni 30 hawakurudi, na harusi yao ilipita. Nimeambiwa sare zilibana kwapani. Medali mama mkwe aliiomba, akaondoka nayo Tanga, na nasikia huko anawaambia watu kwamba nililipwa.

Kilichobadilika ni kidogo. Mwezi wa nne, saa moja jioni, aliingia dukani mke wa jirani, akafunga mlango nyuma yake, akaniuliza kwa kunong'ona kama bado ninazo zile sidiria za mgongo mpana. Wiki iliyofuata wakaja wawili pamoja. Mpaka sasa nimeshashona 14, zote za wanawake waliozidi miaka arobaini, na wengine bado wanakimbilia njia ya nyuma, penye mbwa. Kipimo nachukua mwenyewe chumba cha ndani. Lastiki imepanda bei Kariakoo, lakini mimi yangu bado sijapandisha.