Shanta

Kimara Mwisho, kabla ya jua kuchomoza. Kijana angoja daladala ya Mbezi, ambako mabasi ya mikoani huondokea tangu mwaka 2021. Mgongoni ana shanta. Mfukoni ana nauli ya Kigoma na akiba ya kula kwa mama ntilie. Mama yake amekesha akimwuliza, "Unakwenda kwa nani, baba?" Naye hana jibu ila, "Kutembea tu, mama."

Vijana wa Ulaya hutembea hivyo Thailand na Vietnam miezi mizima, wakilala nyumba za wageni za bei ndogo, wala hawaulizwi. Kwetu mzigo wa mgongoni una historia yake, nayo si nzuri. Wapagazi walikwenda Ujiji na kurudi kwa miguu, wamebeba frasila mbili za nguo au pembe, mali ya wengine. Hata Salim bin Abakari, aliyefika Siberia mwaka 1896 na kuihadithia safari hiyo kwa Kiswahili, alikwenda kwa kumfuata bwana wake Mjerumani. I wapi, basi, safari ya asiyetumwa, abebaye vyake mwenyewe?

Daladala yaja. Mama aishika shanta, aipima uzito, kisha avua kanga ya mabegani na kuitia ndani.

"Usiku ziwani kuna baridi," asema.