Injini Mpya, Gia za Zamani

Ukipita katika mitaa ya Ilala inakouzwa vipuri vilivyotumika, utaziona injini zimepangwa kando ya barabara kama magunia ya viazi, nyingine zikiwa bado zimeshikana na giaboksi zake, nyaya zikining'inia zilipokatwa. Kila moja inangoja gari. Na katika nyua nyingi za mji huu na za mikoani kuna pikapu zinazongoja injini: bodi bado zima, chasi haijapinda, lakini mashine imekwisha. Nataka tuzungumze juu ya kuziunganisha mbili hizo, kwa sababu mwaka jana jambo hilo liliigusa familia yetu, na kabla halijakamilika lilitugawa kwa muda wa miezi miwili.

Kaka yangu anaishi Morogoro. Mwaka 1988 alinunua katika mnada wa shirika moja la umma pikapu ya Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 hadi 1985, na wasomaji wa rika langu wanaijua vyema, maana hapakuwa na ofisi ya wilaya, misheni wala shamba kubwa lisilokuwa nayo. Kwa pikapu hiyo kaka ameteremsha kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta, juu katika milima ya Uluguru, mpaka sokoni mjini. Watoto wake watano wamesoma kwa kabichi hizo. Injini yake ya dizeli ya lita 2.25 ilikuwa na nguvu za farasi zipatazo 62 tu, nguvu ambazo leo mtu angezicheka hata katika gari dogo la kwendea kazini. Lakini ikiwekwa katika gia nzito ilipanda kule juu polepole, pasipo malalamiko. Mwaka jana, baada ya kufunguliwa na kufungwa upya mara tatu katika maisha yake, ilipasuka bloku. Mambo yakaishia hapo.

Kijana wa kaka amesomea ufundi wa magari chuoni. Alikuwa na mpango wake tayari: ichukuliwe injini ya Toyota ya 1KD, dizeli ya lita tatu yenye turbo, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki, ifungwe ndani ya Land Rover. Nguvu zingepita mara mbili ya zile za zamani, na moshi ungepungua. Alipoona wazee wananyamaza alinipigia simu mimi Dar es Salaam. "Shangazi," aliniambia, "watu wanadhani napenda mbio. Mimi nalitazama goti la baba."

Hapo ndipo penye uzito wa habari hii, msomaji. Goti la kushoto la kaka limeharibika, na mguu wa kushoto ndio unaokanyaga klachi. Klachi ya Land Rover ya zamani si ya kuchezea. Kwa mwendo wa mjini wa kusimama na kuondoka, mtu mzima mwenye afya hutoka jasho. Gari la otomatiki lingemrudisha kaka nyuma ya usukani, na kwa mtu aliyeendesha kwa miaka zaidi ya thelathini, kukaa barazani akilitazama gari lake ni ugonjwa mwingine juu ya ule wa goti. Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wale wanaosema kwamba otomatiki ni gari la wavivu. Wapo watu ambao kwao ndiyo miguu yenyewe.

Isitoshe, kijana hakuwa peke yake katika fikira zake. Dunia nzima inaelekea huko. Nchini Marekani, Ram ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuuza pikapu kubwa zenye gia za mkono, na nayo ikaziacha baada ya magari yake ya mwaka 2018. Huko Australia, wakulima waliozoea Land Cruiser za aina ya 70 zenye gia za mkono walianza mwaka 2023 kuletewa zenye injini ya silinda nne ya lita 2.8 na gia za otomatiki, kisha ile injini kubwa ya silinda nane ikaondolewa mwaka 2024.

Lakini mzee fundi aliyeitunza Land Rover ile tangu siku ya mnada alikuwa na maneno yake. Alikuja nyumbani kwa kaka, akanywa chai, akauliza swali moja tu: "Mwanangu, likizima Mgeta usiku, nani atalifungua?"

Naomba nieleze maana ya swali hilo, kwa kuwa si swali la ushamba. Injini za kisasa za dizeli hupuliza mafuta ndani ya silinda kwa kani kubwa mno, zaidi ya mara elfu moja ya kani ya hewa tunayovuta. Kwa kani hiyo mafuta huwa kama ukungu, na huungua vizuri. Ndiyo siri ya nguvu zake na uchache wa moshi wake. Kani hiyo hiyo ndiyo inayozifanya nozeli ziwe laini kama macho. Maji kidogo au vumbi katika dizeli ya kwenye madumu huziua, na bei ya nozeli hizo inaweza kuufuta mzigo wa kabichi wa msimu mzima. Tena kila kitu huamriwa na kompyuta: pedali ya mafuta haivuti waya, bali hupeleka habari, giaboksi nayo huuliza kompyuta kabla ya kubadili gia. Waya mmoja ukiliwa na panya, gari zima hukaa kimya, na fundi mwenye spana na nyundo hana la kulifanyia.

Injini aliyoitaka mzee ni Toyota pia, lakini ile ya 3L, ya lita 2.8, iliyofungwa katika Hilux na Hiace zisizo na idadi. Haina turbo wala kompyuta. Pampu yake ya dizeli huendeshwa na injini yenyewe, na ikishawaka haihitaji umeme ila ule mdogo wa kushikilia kizibo cha mafuta. Nguvu zake ni kama farasi 90, yaani nusu tena ya zile za zamani. Mzee alisema giaboksi na ekseli za Land Rover zitazibeba. Zikiongezwa kupita hapo, alisema, kitu kitakatika, na siku zote hukatika pale gari linapopanda likiwa na mzigo.

Iko na sababu ya gia zenyewe. Anayeijua barabara ya Mgeta anajua kwamba kupanda si kazi. Kazi ni kuteremka. Breki za Land Rover ile ni za ngoma katika magurudumu yote manne. Ukiziegemea mteremko mzima zinapata moto, na zikipata moto hukanyagi breki tena, unakanyaga pedali tu. Dereva wa zamani huteremka kwa gia ile ile ambayo angepandia. Magurudumu hulazimika kuizungusha injini, injini hukataa kukimbia, na gari huzuiwa bila breki kuguswa. Kijana alijibu, tena kwa haki, kwamba otomatiki nayo ina gia za chini za kuteremkia. Ni kweli. Lakini otomatiki huisukumi ikawaka betri inapokufa, na ikikwama huivuti hovyo kwa kamba mpaka mjini, maana pampu inayolainisha giaboksi huzungushwa na injini. Injini ikilala, giaboksi husagika pakavu. Kwa gari la mjini hayo ni madogo. Kwa gari linalolala njiani milimani ni makubwa.

Mabishano yalimalizwa na binti ya kaka, kitinda mimba. Wanaume walipokuwa bado wanapimana maneno, alisema atajifunza yeye kuendesha, na baba atakaa pembeni. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, na nadhani msomaji mwenzangu mwanamke hatashangaa kwa nini.

Basi ikanunuliwa 3L, hapa hapa Ilala, nami ndiye niliyetumwa kuiona ikiwashwa kabla ya kulipa. Giaboksi ya Land Rover ilibaki, kwa kuwa nyuma yake ndipo lilipoungwa boksi linalogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma. Ukiitoa, magurudumu manne unayaaga au unaanza kazi mpya kabisa. Taabu ikawa jinsi ya kuviunganisha vitu viwili vilivyotengenezwa na watu ambao hawakupata kuonana. Mkereza vyuma alichonga bamba nene: upande mmoja matundu ya Toyota, upande wa pili ya Land Rover. Bamba hilo likikaa kombo kwa unene wa ukucha tu, shafti ya giaboksi haiingii sawasawa katikati ya injini, na beringi huliwa kabla ya mwezi. Mzee alilipima na kulirudisha mara mbili. Klachi pleti ndiyo iliyonifurahisha zaidi: upana wake wa nje ni wa Toyota, lakini meno ya katikati ni ya Land Rover. Kijana ndiye aliyeitengeneza, na hapo nilimwona mzee akimtazama kwa jicho jingine.

Jambo moja nalisisitiza kwa kila mwenye nia ya kufanya kazi kama hii, kwa kuwa mafundi wa haraka hulipita. Dizeli ya namna hiyo haizalishi yenyewe ombwe la kusaidia breki kama injini ya petroli inavyofanya. Katika Toyota 3L ombwe hilo hutoka kwenye pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri. Mtu akiona altaneta imechoka, akaweka nyingine ya bei nafuu isiyo na pampu, taa zitawaka, betri itachaji, kila kitu kitaonekana chema. Ila pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe. Kwa hiyo kabla gari halijatoka gereji, kanyaga breki injini ikiwa imezimwa, kisha iwashe ukiwa bado umekanyaga: pedali ikishuka kidogo, msaada upo. Isiposhuka, usilitoe. Pikapu ya kaka ilishuka, na hata hivyo mzee aliagiza breki zote nne zivikwe vitambaa vipya na rejeta iliyochoka itupwe.

Kadi ya gari nayo ina namba ya chasi na namba ya injini. Injini ikibadilika bila kadi kurekebishwa, polisi barabarani watakuona mwizi, nao hawatakuwa na kosa. Tunza risiti ya injini uliyonunua. Bila hiyo mlolongo wa ofisini ni mrefu.

Sasa Land Rover inapanda Mgeta mara mbili kwa wiki. Binti ameshika usukani, kaka yuko kushoto kwake, fimbo katikati ya magoti. Nilisafiri nao mwezi uliopita nikiwa nimebanwa mlangoni. Mlio ni mwingine kabisa, mwembamba kuliko ule wa zamani, na mwanzoni ulimchanganya kaka, kwa sababu alizoea kujua kwa sikio wakati wa kubadili gia. Sasa ameujua. Tulipofika pale mteremko unapoanza kukaza, kabla binti hajagusa kitu, alisema kwa sauti ya chini, "Ya pili, mama." Binti akaingiza gia ya pili.