Bibi yangu hakuwa "mama wa nyumbani"

Najua nimepotea humu. Wengi mmeshasikia, ila kwa ambao hawajapata habari: bibi yangu mzaa mama, wa Paje, amefariki. Tumeshamaliza arubaini, nimerudi Mlimani. Wale wa ghorofa yetu mliochanga nauli ya boti usiku ule ule, Mungu awalipe, sina cha kusema zaidi.

Sasa niseme linaloniwasha. Baada ya mazishi mjomba alikuwa anajaza karatasi za kifo, akafika pale pa "kazi ya marehemu", akaandika: mama wa nyumbani. Hakuwa na nia mbaya, mjomba wangu ni mtu mpole na alikuwa anaandika huku machozi yanamtoka. Nikamwambia mjomba, bibi alikuwa mkulima wa mwani. Akanijibu, "Ishaandikwa mwanangu." Basi, ikabaki hivyo. Ndo maana naandika hapa.

Bibi hata mwaka aliozaliwa hakuujua. Alijua tu kwamba Mapinduzi ya 1964 yalimkuta keshaanza kutumwa kisimani. Ujanani kazi yake ilikuwa makumbi. Wenzangu wa bara hamuijui hii: makumbi ya nazi yanafukiwa kwenye mashimo pwani, yanakaa miezi na miezi mpaka yaoze, halafu unayafukua na kuyapiga kwa gongo mpaka utoke usumba, ndo unasokota kamba. Harufu yake si mchezo! Na pesa yake ilikuwa ya chumvi na kibiriti tu.

Mwaka 1989 ndo mwani ukaanza kulimwa kibiashara kwetu pwani ya mashariki, Paje na Jambiani. Mbegu ilitoka Ufilipino. (Watu wa Botania mnaweza kujidai hapa, maana Profesa Keto Mshigeni wa chuo hiki hiki alikuwa akiutafiti mwani wetu tangu miaka ya 1970.) Bibi wakati huo ana watoto watano na tumbo la sita. Babu, mvuvi, alicheka mpaka akakohoa. Majani ya baharini ndo ukayapande? Wanaume wengi walijaribu kidogo wakaona hapana faida ya maana, wakarudi kwenye ngalawa zao. Wanawake wakabaki. Miaka michache baadae nyumba ya bibi ikavuliwa makuti ikapigwa mabati, na babu akalala chini ya mabati yale bila ya kusema neno.

Kalenda ya nyumbani kwetu ilikuwa bamvua. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu bahari inapwa sana, basi siku hizo bibi humkuti nyumbani. Hata harusi ya khalati ilisogezwa ili isigongane na bamvua. Anatoka na karai kichwani, kanga kiunoni, anakwenda mbali kule mpaka unamuona kama nukta. Anainama kwenye maji, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba kimoja kimoja, kamba anaifunga kwenye vigingi. Wiki kama sita baadae anavuna, na mwani mbichi ni mzito jamani, nimeubeba najua. Kilo 10 mbichi ukianika hupati hata mbili kavu. Mwaka 2014, mimi niko skuli ya msingi, kilo moja kavu ya spinosamu haikufika shilingi 1,000. Hesabu mwenyewe, sare ya mtoto mmoja ni kuinama mara ngapi.

Mwani huo unasafirishwa nje, wanatoa ute wake wa kuzitia vitu uzito, dawa za meno, aiskrimu na kadhalika. Kwa hiyo wewe unayepiga mswaki hapo bwenini huenda umeshakutana na bibi yangu.

Kulikuwa na aina nyengine, kotonii, bei yake nzuri zaidi. Ile ilianza kufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, maji yamezidi joto. Bibi akisema bahari ina homa. Wataalamu kama Dk. Flower Msuya walieleza kwamba dawa ni kwenda kulima kwenye maji ya kina, kuna baridi. Sawa, lakini bibi hakujua kuogelea! Miaka thalathini na kitu baharini, maji yakipita kifua anarudi. Na boti angepata wapi?

Alikuwa na kovu la mwiba wa taa mguuni, mgongo hauukunjuki vizuri, na macho yaliharibika kwa ule mwanga unaopiga juu ya maji. Siku hizi Paje imejaa watalii wa kuruka na makaiti, wakipita wanampiga picha. Alikuwa hapendi. Alikuwa anasema, "Wananipiga mgongo tu, sura wameiona lini?"

Kila kitu alikihesabu kwa kamba. Viatu hivi kamba nne. Mbuzi wa akika kamba kadhaa. Nilipochaguliwa kuja huku, mkopo nilipata lakini godoro, ndoo, nauli, mashuka, hayo hayamo kwenye mkopo. Akaniita barazani.

"Mjukuu wangu, hicho chuo ni kamba ngapi?"

Nikamwambia bibi, chuo hakihesabiwi kwa kamba. Akanitazama kama mtu asiyejua hesabu. Akafungua pindo la kanga akanipa pesa zimekunjwa kunjwa, zina chumvi kabisa, ukizigusa vidole vinakauka. Lile godoro nalilalia mpaka leo.

Alizaa saba, akamzika mmoja. Mama yangu ndo wa pili, na alisoma mpaka fomu tu kwa mwani huo huo, wa kwanza kwao kufika hapo. Yeye anafundisha skuli, hajaingia baharini tangu aolewe.

Juzi kanipigia simu. Kamba za bibi zilikuwa 60 bado ziko majini, mwani umeshakomaa, na ukiachwa unakatika unachukuliwa na mkondo. Khalati kachukua 30. Mama kaomba ruhusa kazini siku mbili, bamvua la wiki ijayo anaingia yeye kuvuna zilizobaki. Kaniuliza lile karai la bibi la zamani liko wapi, maana mimi ndo niliyelitumia mwisho. Nimemwambia liko nyuma ya banda la kuku, limefunikwa na gunia.