Mzigo na Mchukuzi

Wakazi wa Tabora hatuna haja ya kufundishwa habari za mizigo. Mji wetu ulikua juu ya mabega ya watu. Kabla ya reli kuufikia mwaka 1912, nguo na shanga zilizotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na pembe zilizoshuka pwani, zilipita Unyanyembe zikichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Burton na Speke walipofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, walikuta makao ya wafanyabiashara ambapo misafara ilipumzika na mizigo ilifungwa upya. Mpagazi mmoja alichukua kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Kiongozi mwenye busara alijua kwamba mtu anayeongezewa kidogo leo na kidogo kesho mwishowe hafiki. Si mvivu; mzigo hukua, na mgongo haukui.

Mambo haya hunijia akilini nifikiripo kompyuta ya nyumbani. Chombo hiki kina mwili na kina mfumo endeshi unaouamuru mwili huo. Mwili hubaki kama ulivyokuwa siku ya kununuliwa, lakini mfumo hupokea masasisho mwezi baada ya mwezi. Tazama hesabu yake: Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, iliridhika na kumbukumbu ya megabaiti 64 kwa uchache, Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, hudai gigabaiti 4. Katika miaka 20 dai la chini kabisa limezidi mara 64. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa humwagika.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu. Kila jioni huandika katika kompyuta yetu hadithi za Kinyamwezi alizosimuliwa na bibi yake, maana wanaozijua wamebaki wachache. Baada ya sasisho moja kubwa, herufi zilianza kuchelewa: akigonga neno, hungoja, kisha neno zima hutokea kwa pamoja. Hakulalamika juu ya mashine. Aliniambia, “Mwanangu, vidole vyangu vimechoka, na akili imeanza kunitoka. Nadhani kazi hii niiache.” Maneno hayo yalinihuzunisha. Mzee alijihukumu kwa kosa la chombo, na hadithi za vizazi zilikuwa karibu kunyamaza kwa sababu hiyo.

Nilipochunguza niliona kwamba uzito ule ulikuwa wa namna mbili. Wa kwanza ni wa kupita. Sasisho likiisha kuingia, mfumo huendelea na kazi chini kwa chini: hupanga upya orodha ya majalada, hukagua virusi, hupakua vipande vilivyosalia. Kazi hiyo huweza kuchukua siku moja au mbili, na dawa yake ni kuiacha mashine iwake mpaka imalize. Wa pili ni wa kudumu. Kumbukumbu isipotosha, mfumo huhamishia sehemu ya kazi zake katika diski. Na diski ya zamani, inayozunguka, ni nzito mara nyingi kuliko kumbukumbu. Huyo ndiye mpagazi aliyelemewa: kila hatua chache hutua mzigo, kisha hujitwika tena.

Jirani mmoja alitushauri tuyakatae masasisho yote. Ushauri huo ni mtamu, tena huokoa bando. Lakini una hatari. Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka ule ule, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika ufa huo, kikafunga majalada ya kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, hata hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Waliokuwa wamepokea sasisho walisalimika. Tena, Januari 2018, kasoro za Meltdown na Spectre zilipotangazwa, kinga yake ilipunguza kasi ya mashine kuukuu. Hapo uzito ulikuwa kama hongo ya zamani, ushuru ambao msafara uliwalipa watemi ili upite salama. Hakuna aliyeupenda, lakini aliyekataa kuulipa hakuwa na hakika ya kufika.

Basi hatukukataa masasisho, wala hatukumlaumu mchukuzi, tulimwimarisha. Fundi wa mjini alitoa diski ya kuzunguka, akatia isiyozunguka, na kumbukumbu akaiongeza kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Tuliondoa programu zilizojiwasha zenyewe bila kuitwa, na tukapanga masasisho yaingie usiku, baada ya kazi kunakiliwa penginepo na betri kujaa, maana umeme ukikatika katikati ya sasisho waweza kuuharibu mfumo wote. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ya kununua mashine mpya.

Lakini si kila nyumba ina fundi karibu au fedha ya akiba. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizo nzima hazikubaliwi na mfumo uliofuata. Watungao mifumo hukaa mbali na wachukuzi wake. Hawamwoni mzee anayedhani akili yake imepungua. Haki yadai kwamba atakayeongeza mzigo aupime kwanza mgongo utakaoubeba. Viongozi wa misafara walilazimika kujua hilo, kwa kuwa walitembea njia moja na wapagazi wao.