Ua Langu la Buluu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilidumu miezi mitatu tu, toka siku ya maonyesho ya sayansi hadi siku binti mmoja wa kidato cha kwanza aliponisimamisha langoni mwa shule.

Nyumbani kwetu hapa Ifo, nyanya amepanda maua katika debe kuukuu la mafuta ya msaada. Ni yale madogo yenye petali tano, meupe pepepe, yasiyojali jua la Garissa. Huyanywesha maji yanayobaki katika birika la udhu. Usiku wa kuamkia maonyesho nilikata vijiti vitatu, nikavitia katika gilasi ya maji niliyokoroga rangi ya buluu, ile ambayo jirani yetu hutengenezea barafu za kuwauzia watoto. Kulipokucha, lo! Petali zilikuwa zimechorwa mishipa ya buluu.

Ningalisema ukweli, kwamba maji hupanda kupitia mishipa ya shina, ningalipata alama zangu nikaenda zangu. Lakini wapi! Nilisimama nyuma ya meza nikatangaza kwamba hilo ni ua la jeni, limebadilishwa tangu mbeguni. Watu wakajaa. Binti huyo akauliza kama nina mbegu, kwa kuwa mama yake huotesha miche na kuiuza sokoni. Nikamwuzia mbegu za debe la nyanya kwa shilingi 50. Pesa zenyewe ziliishia kwenye sambusa siku iyo hiyo.

"Kaka," aliniambia pale langoni, "yamechanua. Yote ni meupe. Na mama ameshawaahidi wateja watatu." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nyanya aliposikia, alicheka hadi akashika mbavu, kisha akanyamaza na kunitazama. "Mjukuu wangu, ukimpaka ngamia hina, ndama wake atazaliwa na hina?" Sikuwa na jibu. Habari zilipomfikia mwalimu wa bayolojia, naye hakunigombeza. Alinipa kazi: nikasome kuhusu watu waliowahi kuibadilisha rangi ya ua kwa kweli, kisha nije niwaeleze wenzangu.

Basi nikasoma. Rangi ya buluu katika maua mengi hutokana na kemikali iitwayo delfinidini. Waridi halina jeni ya kuitengeneza, ndiyo maana hujaona waridi la buluu shambani. Mwaka 1996 kampuni ya Florigene ya Australia iliuza karneshoni za rangi ya zambarau zilizopewa jeni ya petunia. Mwaka 2009 kampuni ya Suntory ya Japani ikauza waridi liitwalo Applause, ingawa ukiliona utasema ni zambarau, si buluu. Kisha mwaka 2012 ikatangazwa kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Chiba, huko huko Japani, wamepata okidi ya buluu. Jeni waliitoa wapi? Katika mmea wa jamii moja na kongwe, lile gugu lenye viua vya buluu ambalo wakulima wetu hung'oa na kulitupa!

Hapo ndipo nilipokutana na wakulima wa okidi. Okidi ukiiotesha kwa mbegu, unaweza kungoja miaka mitatu, mitano au zaidi ndipo ichanue. Watu wenye subira hiyo hawakosi maneno. Wapo wanaosema mkono wa binadamu umo tangu zamani, kwani okidi ya kwanza iliyochanganywa na mtu, Mwingereza John Dominy, ilichanua mwaka 1856. Jeni, kwao, ni hatua nyingine tu ya safari ile ile. Wengine hawataki hata kusikia. Raha ya okidi, wanasema, ni kungoja uone mzazi huyu na yule watazaa nini. Tena ipo Vanda coerulea ya India, ambayo Mungu aliiumba na buluu yake.

Lakini kuna jambo linaloudhi pande zote mbili, nami niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa aibu. Mwaka 2011 okidi za buluu kali ziliingia katika maduka ya Marekani. Zilikuwa nyeupe zilizotiwa rangi kwenye shina. Mnunuzi akaenda nazo nyumbani, msimu uliofuata zikachanua nyeupe. Msomaji, huyo si mimi na rangi yangu ya barafu?

Wala jeni ya kweli haikosi fumbo. Mwaka 2017 ilitangazwa Finland kwamba petunia za rangi ya machungwa zilizokuwa zikiuzwa Ulaya zilikuwa na jeni ya mahindi. Wanunuzi hawakuwa wameambiwa, na miche mingi ikaharibiwa. Hata hapa Kenya vyakula vya aina hiyo vilipigwa marufuku mwaka 2012, na serikali ilipoondoa marufuku hayo Oktoba 2022, watu walikwenda mahakamani. Sisi wa kambini, ambao mara nyingi hatuchagui gunia, tunaelewa swali lao: hiki ninachopewa ni nini?

Kwa hiyo sisemi ua la jeni ni baya, wala sisemi ni zuri. Nasema anayelitoa aseme lilivyo, anayelichukua achague.

Nilisukuma toroli la maji kwa Jumamosi mbili, nikampelekea yule mama shilingi 50 pamoja na msamaha wangu. Alizihesabu, akanipa kipande cha ubao na chaki. "Wewe unajua kuandika," alisema. "Andika rangi." Nikaandika kwa herufi kubwa: MEUPE. Miche iliuzwa yote ila mmoja. Huo nilimnunulia nyanya.