Damu ya Mzee

Yeyote aliyepata kuingia chumba cha kompyuta cha shule yetu ameiona ile meza ya mwalimu yenye skrini mbili zilizokaa bega kwa bega. Ya kushoto ni ya zamani, na ukingo wake umechubuka. Ya kulia ni mpya kidogo, tena pana, nayo tulipewa mwaka jana na mzee mmoja aliyesoma hapa, ambaye sasa kazi yake ni kupiga picha za arusi. Zote mbili zimeungwa katika kompyuta moja, hata mtu akilivuta dirisha kwa kipanya laweza kutoka skrini hii likaingia ile. Habari nitakayowasimulia ni ya skrini hizo, na jinsi zilivyotaka kumponza mwenzangu alalaye kitanda cha juu, mimi nikilala cha chini.

Muhula huu sisi wa kidato cha nne tulikuwa na shughuli ya fulana za mahafali. Rangi ya shule yetu kila mtu aijua, ni damu ya mzee, ndiyo rangi ya sweta zetu. Mwenzangu ni hodari wa kuchora, basi akapewa kazi ya kuchora nembo na kuiweka katika ukurasa wa shule kwenye intaneti, ili wazazi wa kamati waione huko huko waliko. Mwanzoni alikuwa ameomba wekundu uzidi kidogo, ili nembo ionekane kwa mbali, lakini alikatazwa, akatii. Siku ya Jumanne mwalimu wa mahafali aliitazama nembo katika skrini ya zamani akasema ndiyo hiyo hasa.

Alhamisi Bwana Makamu Mkuu wa Shule alikuja kuitazama kwa mara ya mwisho, kabla fedha za wazazi hazijalipwa. Yeye aliketi mbele ya skrini mpya. Lo! Nembo ilikuwa nyekundu ya kuwaka, mfano wa pilipili iliyoiva.

Bwana Makamu si mtu wa kukurupuka. Hakupiga kelele. Alimwambia mwenzangu aifungue picha ile ile kutoka katika diski yake, kwa programu ya kuhariri picha, papo hapo katika skrini mpya. Ikatokea damu ya mzee, safi kabisa. Akaulinganisha na ukurasa wa intaneti uliokuwa kando yake: pilipili. Akasema, "Skrini ni moja. Picha uliyonayo ni rangi ya shule, na picha uliyoiweka kwenye ukurasa ni ile uliyoitaka wewe." Neno la siri la ukurasa analo mwenzangu na mwalimu wa TEHAMA tu, kwa hiyo shaka ikamwangukia yeye. Akaambiwa aje na mzazi.

Labda msomaji wa mjini hataliona jambo hilo kuwa zito. Baba yake ni mvuvi, na safari ya kuja hapa ni siku nzima na nusu ya basi, na nauli yake ni ya kukopa. Usiku ule kitanda cha juu hakikutulia hata kidogo, nami sikupata usingizi. Jambo lililomchoma zaidi, aliniambia, ni kwamba hoja ya Bwana Makamu hata yeye mwenyewe hakuweza kuijibu.

Mwalimu wa TEHAMA alituombea muda mpaka Jumatatu, akatupa ufunguo wa chumba. Jumamosi baada ya usafi tukaanza kazi.

Kwanza tulitaka kujua kama picha ya kwenye ukurasa ni nyingine kweli. Katika kompyuta kila rangi huandikwa kwa namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu, na kila namba huanzia 0 hadi 255. Ukizichanganya zote hupata rangi 16,777,216. Damu ya mzee, kama ilivyowekwa katika kanuni za kurasa za intaneti, ni 128, 0, 0. Tukaishusha picha kutoka kwenye ukurasa, tukaigusa kwa kile kidude cha kuchotea rangi. 128, 0, 0. Tukaigusa ile ya kwenye diski. 128, 0, 0. Tukatazamana. Namba ni zile zile, skrini ni ile ile, lakini rangi ni mbili!

Sasa nawaambieni, saa nne nzima tulizitumia mahali pasipo na kitu. Tulizima mwanga wa usiku, ule unaoitia skrini umanjano ili macho yasichoke. Haikuwa hiyo. Tulichomoa waya wa skrini ya zamani, ule wenye kichwa cha buluu na vijiti 15, maana kijiti cha 1 huchukua nyekundu, cha 2 kijani, na cha 3 buluu, na kimoja kikipinda picha yote huharibika rangi. Vyote vilikuwa vimenyooka. Tuligundua tu kwamba skrini ile ya zamani ukiitazama umesimama rangi hupauka, na ukiketi hukolea, jambo ambalo kwa kweli lingetosha kuwagombanisha walimu wawili wenye vimo tofauti. Lakini halikutusaidia, kwa sababu ugomvi wetu ulikuwa ndani ya skrini mpya peke yake, kati ya kivinjari na programu ya picha.

Jumapili jioni mwalimu alituonyesha mlango wa kuingilia. Namba, alisema, si rangi. Namba ni agizo tu, na kila skrini hulitimiza kwa kipimo chake. Ni kama kwenda kununua mchele katika maduka mawili, na kila mwenye duka ana kibaba chake. Umetaja vibaba viwili kote, lakini kikapu kimoja kimejaa kuliko kingine. Ndiyo maana mwaka 1993 makampuni kadhaa yaliunda chama cha kimataifa cha kupatanisha rangi, ili kila chombo kiwe na faili dogo linaloeleza kipimo chake. Faili hilo huitwa profaili. Na mwaka 1996 makampuni ya Hewlett-Packard na Microsoft yalipendekeza kibaba kimoja cha wote, kiitwacho sRGB, kikakubaliwa kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1999. Picha nyingi za intaneti hupimwa kwa kibaba hicho.

Skrini ya mpiga picha za arusi haikutengenezwa kwa kibaba hicho. Kibaba chake ni kikubwa, yaani yaweza kutoa wekundu mkali kuliko sRGB, maana wapiga picha huhitaji hivyo. Ilikuja na profaili yake, na mwalimu aliitia katika kompyuta. Programu ya kuhariri picha huisoma profaili hiyo, ikapunguza agizo kwa kadiri inayofaa, damu ya mzee ikabaki damu ya mzee. Kivinjari chetu, kwa jinsi kilivyokuwa kimepangwa, kilifanya hivyo kwa picha zile tu zilizobandikwa lebo ya kipimo chake. Picha isiyo na lebo kiliipitisha vivyo hivyo kwenye skrini, na skrini ikamwaga kibaba chake kikubwa. Nembo yetu ilipohifadhiwa kwa ajili ya ukurasa haikuwa na lebo, kwa sababu lebo huondolewa mara nyingi ili faili liwe jepesi.

Tukalijaribu neno hilo. Tulitengeneza miraba miwili yenye namba zile zile, 128, 0, 0, mmoja wenye lebo ya sRGB na mwingine bila lebo, tukaifungua kwa kivinjari katika skrini mpya. Wa kwanza damu ya mzee. Wa pili pilipili. Mwenzangu aliruka juu hata kiti kikaanguka.

Hapo tungefunga chumba tukaenda kula, lakini mimi nilitaka kivinjari chenyewe kitengemae. Katika mipangilio yake tulikiamuru kila picha isiyo na lebo kiihesabu kuwa ya sRGB. Tukakifunga na kukifungua tena. Skrini mpya ikatulia kabisa. Tukalivuta dirisha kwenda skrini ya zamani, na huko nembo ikawa imefifia, kahawia kama maji ya tope! Tulikaa kimya kwa muda. Kisha mwenzangu akasema tubadilishe skrini kuu, ya zamani iwe ndiyo kuu na mpya iwe ya pili. Tukafanya hivyo, tukakifungua kivinjari upya. Ya zamani ikapona, na mpya ikarudi pilipili. Kumbe kivinjari kile kilisoma profaili ya skrini kuu tu, kikaitumia kwa zote mbili. Kilijua bwana mmoja. Dawa kamili hatukuipata, basi tuliirudisha skrini mpya kuwa kuu, tukabandika karatasi kwenye ile ya zamani: "Usihukumu rangi hapa."

Jumatatu asubuhi Bwana Makamu alikuja. Tulimwonyesha miraba miwili. Alitutaka tuzime kila kitu na kuwasha tena, kisha akachota namba yeye mwenyewe kwa mkono wake, mara ya kwanza, mara ya pili. Halafu akamgeukia mwenzangu akasema, "Nenda darasani, mwanangu. Hukubadili kitu." Wenzangu wengine bwenini wanasema alipaswa kuomba radhi mbele ya mstari wa asubuhi. Mimi siafiki. Hoja yake ya Alhamisi ilikuwa njema kuliko zetu za Jumamosi yote. Kilichonisikitisha ni kwamba simu kwa mzazi ilikuwa imekwisha kupigwa tangu Ijumaa.

Walipompigia tena baba yake kumzuia, simu haikupatikana. Alikuwa njiani.

Alifika Jumanne saa tatu asubuhi, na kifurushi cha dagaa kwapani, macho mekundu kwa vumbi na kukesha. Bwana Makamu alimpokea mwenyewe langoni, akampa shikamoo, maana mzee alimzidi umri, akamweleza kwamba mtoto hana kosa na kwamba shule itarudisha nauli yake. Kisha akamleta chumba cha kompyuta ili mwanawe amwonyeshe yaliyotokea. Mzee alisimama nyuma ya kiti akaitazama nembo ikivutwa kutoka skrini hii kwenda ile na kurudi, ikigeuka rangi njiani. Aliitazama kwa muda mrefu.

"Na kitambaa chenyewe kiko wapi?" aliuliza.

Hakuna aliyekuwa na kitambaa. Kamati nzima, walimu wawili na sisi tulikuwa tumeshindana wiki moja juu ya rangi ya fulana, na hakuna aliyekuwa ameshika hata kipande cha uzi. Bwana Makamu alicheka, akamtuma mtoto wa kidato cha pili bwenini akalete sweta kuukuu lililochanika kiwiko. Likafungwa katika bahasha pamoja na namba 128, 0, 0 zilizoandikwa kwa kalamu, likapelekwa kwa basi la mchana kwa mchapaji.

Fulana 118 zilifika baada ya wiki mbili. Tulizitoa nje uwanjani tukaziweka juu ya sweta zetu juani, na rangi zilipatana, isipokuwa yangu hunibana mabegani. Dagaa tulikula bwenini siku tatu.